Kimya cha baada ya jaribio la kwanza: kwa nini wanafunzi wa sayansi wanatutoka, na tunawezaje kubaki nao?

Mwanzisha uzi:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msimamizi wa maabara ya kemia katika chuo kimoja hapa Mwanza, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 13 sasa. Sitoi mihadhara. Naandaa kemikali, nahesabu bureti na pipeti, nawaazima makoti wasio nayo, na nasimama mlangoni na daftari la mahudhurio kila kundi la mwaka wa kwanza linapoingia kufanya kazi za vitendo. Kwa sababu ya daftari hilo humtambua mwanafunzi anayeelekea kuacha masomo wiki nyingi kabla ofisi ya usajili haijapata habari, na ninachokiona humo ndicho kilichonileta hapa, kwa kuwa naamini wengi wa vijana hao wangeweza kubaki.

Kwa wiki tano za mwanzo daftari huwa limejaa. Kisha hufanyika jaribio la kwanza, matokeo hubandikwa ubaoni kwa namba za usajili, na wiki inayofuata nafasi tupu huanza kuonekana. Mtu angedhani wanaotoweka ni waliopata sifuri. Mara nyingi ni kijana aliyepata 7 au 8 kati ya 20, aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya kata tangu kidato cha kwanza, ambaye ukoo mzima ulichanga nauli na godoro ili afike chuoni. Anasimama mbele ya ubao ule, anaitafuta namba yake, anaipata, halafu anaondoka bila kumwambia mtu neno. Kimya hicho nakiogopa kuliko alama zenyewe.

Miaka miwili iliyopita binti mmoja kutoka Ukerewe alikuja mlangoni kwangu akiwa amelikunja koti la maabara vizuri sana, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima baada ya harusi. Aliniambia, "Madamu, nimeleta koti, hapa si mahali pangu." Nilimuuliza alipata ngapi, akasema 7. Basi nilifungua orodha ya alama, nikaficha namba za wenzake kwa karatasi, nikamwonyesha kwamba wastani wa darasa zima ulikuwa 8. Alinitazama kwa muda mrefu. Kwa siku tisa alikuwa amejifungia chumbani akiamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyeanguka, ilhali chumba cha jirani alikuwapo mwenzake aliyepata 6 na aliyejifungia kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Mhadhiri alidhani wanajua, nasi wa maabara tulidhani mhadhiri amewaambia.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili. Nchini Marekani, Elaine Seymour na Nancy Hewitt walizungumza na wanafunzi 335 wa vyuo saba, wakatoa matokeo yao mwaka 1997: walioihama sayansi hawakupungukiwa sana uwezo kuliko waliobaki, na matatizo waliyoyataja ni yale yale yaliyotajwa na waliobaki. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walieleza zoezi la takriban saa moja ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maneno ya waliowatangulia, kwamba nao walipofika walijiona wageni na kwamba hali ile ilipita, kisha wakaandika kwa maneno yao wenyewe jinsi hayo yanavyofanana na yaliyowakuta wao. Katika miaka mitatu iliyofuata, pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe wa chuo kile lilipungua kwa karibu nusu. Hizo ni habari za kwao, na mazingira yao si yetu, lakini nilipozisoma nilimwona binti wa Ukerewe na koti lake.

Kwa hiyo nauliza wenzangu mlioko vyuoni, mliosoma sayansi, na hata mlioacha: mwanafunzi anapopata alama mbaya kwa mara ya kwanza, ni nani katika chuo chenu mwenye wajibu wa kumwambia kwamba bado yeye ni wa hapo?

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, nimesoma andiko lako kwa makini na ninaheshimu moyo wako, lakini naona umeupita mlima ukasimama kwenye kichuguu. Vijana wanaacha chuo kwa sababu ya fedha. Nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na ninajua maana ya bumu, yaani fedha ya kujikimu, kuchelewa wakati mwenye nyumba anagonga mlango. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kwenda Mwaloni Kirumba kupakia magunia ya dagaa ili apate fedha ya kula, na kipindi cha saa mbili asubuhi alikuwa akikisinzia chote. Huyo hata ungemsomea maneno matamu ya waliomtangulia asingeyasikia kwa njaa.

Mwanzisha uzi:

Kaka, nakubaliana nawe kuhusu njaa, wala sitaki mtu yeyote atoke humu akidhani kwamba maneno yanaweza kusimama mahali pa mkopo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na bila hiyo wengi wa vijana ninaowaona mlangoni wasingekanyaga chuo kabisa.

Hata hivyo, naomba uangalie jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana. Mnufaika wa mkopo hutakiwa kuthibitisha kwa saini kila awamu inapofika. Kijana aliyejificha geto kwa aibu ya alama hapati taarifa kwamba orodha imetoka, hasaini, fedha haiingii, na baada ya hapo kweli anaondoka kwa sababu ya fedha, nasi tunaandika hivyo katika taarifa zetu. Nimeona wawili waliopata njaa ya aina moja katika mwaka mmoja. Mmoja alikuwa na kundi la kusomea, na siku aliyokosekana wenzake walikwenda kumgongea mlango, wakamkuta hajala, wakachanga, kisha wakampeleka ofisi ya mikopo ambako ilionekana kosa lilikuwa ni tarakimu moja katika namba ya akaunti yake. Wa pili hakuwa na kundi, na hadi leo sijui alikokwenda.

Rafiki yako aliyekuwa akipakia dagaa, kama alimaliza, ninatamani kujua ni nani aliyekuwa akimpa madaftari ya kunakili.

Mchangiaji wa kwanza:

Alimaliza. Nilikuwa nampa mimi. Sikuwahi kulifikiria kwa namna hiyo.

Mchangiaji wa pili:

Ninafundisha fizikia, na nina mashaka ambayo ningependa kuyasema kwa adabu. Tukianza kuwabembeleza wanafunzi kwa kuwa wamepata 7 kati ya 20, tutatoa wahandisi na matabibu wasiojua kazi. Sayansi ni ngumu kwa asili yake, na nadhani mwanafunzi anastahili kuambiwa ukweli huo mapema ili achague njia nyingine akiwa bado na muda. Aidha, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 200, na mtu mmoja hawezi kuwa mlezi wa wote hao.

Mwanzisha uzi:

Mwalimu, shikamoo. Nakushukuru kwa kusema wazi, kwa kuwa hoja hii ndiyo inayowazuia wengi kujaribu.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya sayansi na hisabati ambamo mwalimu huzungumza tu na yale ambamo wanafunzi hushughulishwa kwa maswali na majadiliano. Katika yale ya kwanza waliofeli walikuwa asilimia 33.8, na katika yale ya pili asilimia 21.8. Kwa darasa lako la watu 200, tofauti kama hiyo ingekuwa vijana 24. Siwezi kuamini kwamba wote hao 24 sayansi imewakataa kwa asili yao.

Kuhusu kubembeleza, mfano unaonigusa zaidi ni wa Uri Treisman, aliyekuwa akifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970. Aliona wanafunzi weusi wengi wanaanguka katika kalkulasi hata kama walifika wakiwa na rekodi nzuri, ilhali wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wakifaulu. Wenzake walimpa majibu ya haraka: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, wazazi wao hawajali, ni maskini. Akaamua kuwafuata wanafunzi wenyewe hadi wanakoishi na kutazama wanavyosoma, akaona majibu yale hayasimami. Wale waliokuwa wakianguka walikuwa na bidii, lakini walisoma peke yao, kila mtu na taa yake. Wale wengine walikuwa wakikaa pamoja jioni, wanasahihishana, wanakula, wanaambiana mwalimu huyu anataka nini. Hivyo Treisman akaanzisha makundi ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya darasani. Hakuwapa masomo ya kufidia udhaifu, kwa kuwa aliona kumwita mtu dhaifu ndiko kunakomwondoa. Walioshiriki walifanya vizuri zaidi.

Wazee wa Usukumani wangelielewa jambo hilo bila kusoma. Vijana walipolima pamoja chini ya nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, shamba lililomshinda mtu mmoja kwa wiki nzima liliisha kwa siku, na hakuna aliyesema kwamba jembe limefanywa jepesi.

Nasi tulijaribu katika maabara yetu. Makundi ni ya watu watano, tunayapanga sisi wenyewe katika wiki ya kwanza ili aliyetoka shule yenye maabara nzuri asikae na wenzake wa shule ile ile tu, na kila kundi hupewa swali moja gumu kwa wiki ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza usiku mmoja. Jambo ambalo sikulitegemea lilikuwa lugha. Darasani kipindi ni cha Kiingereza, na kijana aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akapambana na Kiingereza cha kukariri hadi kidato cha sita, hanyanyui mkono, kwa sababu anaogopa kosa la sarufi kabla hajafika kwenye kosa la kemia. Katika kundi wanaulizana kwa Kiswahili, na nikipita nyuma yao ninasikia hata Kisukuma na Kikerewe. Nimemsikia kijana akisema, "Subiri, kwa nini rangi ibadilike kwa tone moja tu na si polepole?" Hilo ni swali la mwanakemia, na katika ukumbi wa mihadhara lisingetoka kinywani mwake. Baadaye wanaliandika kwa Kiingereza na kulipeleka kwa mhadhiri, likiwa limeshapata miguu.

Mwalimu, kwa watu 200 hayo ni makundi 40. Huhitaji kuwalea wote, unahitaji kujua kundi lipi lina mtu aliyekosekana.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nilisoma uhandisi, na katika darasa letu tulikuwa wasichana wanne. Naomba niongeze jambo kuhusu makundi hayo, kwa sababu kundi linaweza pia kumfukuza mtu. Kwa mwaka mzima wa kwanza nilikuwa mwandishi wa kundi. Wavulana walishika vifaa, walifunga nyaya, walizungusha vitufe, nami niliambiwa nina mwandiko mzuri. Hakuna aliyenitukana wala kunionea, walikuwa watu wema hata kunisindikiza hosteli usiku ukiingia. Lakini nilipofika mtihani wa vitendo nilikuwa sijawahi kugusa kifaa chochote kwa mkono wangu, na nilipotetemeka nilijiambia kwamba basi ni kweli, wasichana hatuwezi. Nilipata supu, yaani mtihani wa marudio, katika somo lile, na likizo nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia baba kwamba ninataka kuhamia ualimu wa lugha.

Kilichonizuia kilikuwa kidogo sana. Mtaalamu wa karakana, mzee wa makamo, aliniona nimekaa na daftari langu, akalichukua, akampa mvulana aliyekuwa ameshika multimita, akasema, "Leo wewe andika." Kisha akanipa kifaa kile na kwenda zake. Sasa hivi ninafanya kazi katika mradi wa maji, na ninaopima ni mabomba na pampu.

Mwanzisha uzi:

Dada yangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu, na nakiri kwamba katika mwaka wetu wa kwanza wa makundi sikuliona jambo hili, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale. Nilipolichunguza baada ya mwenzangu mmoja kuniambia, niliwakuta wasichana 11 katika makundi 14 wakiwa ndio waandishi. Sasa kazi hupokezana kila wiki na nimeziandika kwenye karatasi ukutani: anayeshika bureti wiki hii, wiki ijayo anasoma kipimo, wiki nyingine anaandika. Hakuna anayeuliza, kwa kuwa karatasi ndiyo inayosema.

Niongeze pia jambo la ziwa, kwa sababu liko karibu na hili la kushika kifaa kwa mkono wako. Zamani zoezi letu la kupima oksijeni iliyoyeyuka majini lilifanywa kwa maji ya bomba. Sasa tunawatuma vijana wenyewe walete maji: kundi moja linachota Mto Mirongo kabla haujaingia katikati ya mji, jingine unapokaribia kumwaga ziwani, jingine ufukweni. Siku ya kwanza tulipofanya hivyo, yule binti wa Ukerewe alieleza kwamba kuna siku ambapo maji ya ziwa hugeuka rangi na samaki wakaonekana wakihema juu, na kwamba babu yake huzijua siku hizo kwa upepo. Mhadhiri alimsikiliza, kisha akachora ubaoni jinsi maji ya chini yasiyo na oksijeni yanavyoweza kupandishwa juu upepo unapolivuruga ziwa. Darasa zima liliandika. Yule binti hakuandika chochote. Alikuwa amekaa wima tu, kwa kuwa alichokijua tangu utotoni kilikuwa kimekuwa somo. Tuna ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800 mlangoni, lenye sangara waliopandikizwa katikati ya karne iliyopita, furu waliopungua, magugu maji na konokono wa kichocho, na watoto waliokua wakiyaona hayo wanafika chuoni wakidhani kwamba sayansi ni kitu kinachotokea kwingine.

Na kwa wote walioniuliza pembeni kama yale maneno ya waliotangulia yanatosha: hayatoshi. Mwaka 2023 Walton na wenzake walitoa matokeo ya zoezi kama lile kwa wanafunzi 26,911 wa vyuo 22, na wakaona kwamba lilisaidia pale tu ambapo chuo chenyewe kilikuwa na nafasi ya kweli ya mwanafunzi huyo kujiona wa humo. Ukimwambia kijana kwamba ni wa hapa, kisha akaingia maabara asiguse kitu, umemdanganya.

Mchangiaji wa nne:

Mimi niliacha. Ilikuwa mwaka 2014, muhula wa pili, kozi ya sayansi ya chakula, chuo sikitaji. Nilipata keri mbili, yaani masomo mawili ya kurudia, nikaona aibu, nikaaga kwamba ninaumwa, nikarudi nyumbani. Sasa ni fundi wa injini za mitumbwi Igombe, na kazi yangu ninaipenda, sina ugomvi na mtu. Lakini nimesoma uzi huu wote nikiwa nimesimama, kwa sababu katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipigia simu. Namba yangu ilikuwa kwenye fomu zao tatu. Nilikaa mwezi mzima nikingoja, nikajua kwamba hawakuona tofauti ya mimi kuwapo na kutokuwapo.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu, pole sana. Nimeandika hapo juu kwamba wanafunzi wangu ni zaidi ya 200 na siwezi kuwa mlezi wa wote. Baada ya kukusoma nimetazama orodha yangu ya muhula huu na kuna namba sita ambazo hazijaonekana tangu jaribio. Nitaomba namba zao za simu kesho ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Mwanzisha uzi:

Mwalimu, ukiwapigia, tafadhali usianze na alama. Sisi huanza kwa kusema, "Tumekukosa Jumanne," kisha tunanyamaza kidogo ili yeye azungumze. Wengine hulia. Wengine husema wako njiani kuja, nawe unajua si kweli, lakini wiki inayofuata wanakuja. Na kama ameshaamua kupumzika kweli, kwa ugonjwa au kwa msiba au kwa fedha, mwambie aandike barua ya kuahirisha masomo kabla hajaondoka, kwa sababu aliyeahirisha kwa kibali ana mlango wa kurudi, lakini aliyetoweka huhesabiwa kuwa ametoroka, na kurudi kwake huwa kugumu sana. Vijana wengi hawajui kwamba barua hiyo ipo.

Kwako fundi wa Igombe: sitakuambia kwamba ulikosea, wala kwamba kazi ya injini ni ndogo, maana siku upepo unapovuma ziwani maisha ya watu yako mikononi mwako. Ila umesema umeusoma uzi huu wote ukiwa umesimama. Ikiwa bado kuna kitu kinachokuita, tafuta cheti chako cha kidato cha sita na namba yako ya zamani ya usajili, uende ofisi ya udahili ya chuo chochote kinachotoa kozi unayoitaka, ueleze kwamba uliacha mwaka 2014 na uulize kama unaomba upya au kuna alama zinazoweza kutambuliwa. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze maabara yangu ilipo, ili siku hiyo wakikuzungusha uje tukae tuandike hiyo barua pamoja.